Kisiwa cha Katikati ya Ziwa

Zuhura mjukuu wangu,

Barua yako ya kutoka Muyinga imetufika hapa Gitega, tuko wazima. Bibi yako bado anashona, na mbuzi wake amezaa mapacha.

Umeuliza nani alijenga kale kasiwa ulikopiga picha ziwani.

Wakati wa vita pale palikuwa shimo la udongo wa matofali. Sisi vijana wa mjini tulichimba upande mmoja, wenzetu wa vilimani upande wa pili. Katikati tuliacha ukuta wa udongo, maana hatukusalimiana. Mvua ikajaza upande wao tu, tukacheka. Ndipo dada mmoja wa vilimani akapanda juu ya ukuta, akaniambia, "Kaka, maji iko kwa kiuno. Kazi tutafanya namna gani?"

Nilichukua jembe nikaanza kuukata ule ukuta. Wenzangu waliniita mjinga, kisha wakaja kunisaidia. Maji yakagawanyika, sote tukachimba yakitufika magotini.

Baada ya vita tuliacha kuchimba, shimo likajaa likawa ziwa, na sasa wageni wanalipia mtumbwi.

Kasiwa hakuna aliyekajenga, Zuhura. Ni kipande cha ukuta tulichochoka kukibomoa.

Babu yako,
Ramadhani