Papa, Mti wa Avoka Ulisimama Wapi

Papa,

Ni mimi, Zawadi wako. Nimekaa kwenye meza yako, katika chumba chako cha mbao, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi. Wauza samaki wa soko la Kituku wamekwisha kupita, na avenyu, mtaa wetu, imetulia. Nimeona nikuandikie nikiwa bado humu, kabla chumba hakijang'olewa. Ndiyo, kinang'olewa. Usikasirike bado. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kesi ikisimuliwa mbiombio imekwisha kupotea nusu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza habari za mji wetu wa Goma. Uliondoka kabla Nyiragongo, mlima wetu wa moto, haujatapika tena. Ulitapika, Papa. Moto ukashuka mpaka ukingoni mwa mji, ukasimama hapo, na sisi tukakimbilia Sake pamoja na watu wote wa dunia. Mama hakuchukua nguo wala sufuria. Alichukua lile birika lako kubwa la Kirusi, akatembea nalo mgongoni kama mtoto, na alipoulizwa na watu alijibu kwamba mwenyewe atakuja kulitafuta. Wewe ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Kisha waasi wakarudi. Safari hii wameingia mjini na wamebaki. Mahakama imefungwa, mahakimu wamekwenda zao, benki hazifunguki, na mtu akidhulumiwa hajui amlilie nani. Ninaendelea kufundisha historia. Wanafunzi wananiuliza mambo ya leo, mimi ninawajibu mambo ya zamani, na wote tunaelewana.

Na nchi ile uliyosomea sheria, Papa, imeingia kwa jirani yake na vifaru. Ulikuwa umeona mwanzo wake. Siku Krimea ilipochukuliwa ulizima redio, ukashika ufagio, ukafagia uwanja ambao ulikuwa safi. Nilijua unawaza juu ya Sasha na Petro, wenzako wa chumba kimoja kule Moscow, Sasha Murusi na Petro wa Ukraine. Ulituambia mara nyingi jinsi walivyogombana kuhusu supu ya biti nyekundu, kila mmoja akisema ni ya kwao, na wewe ukaimaliza sufuria nzima wakati wanabishana. Tulicheka kila mara. Siku ile hukucheka. Ulisema tu, "Jirani hahami, Zawadi. Ukimupiga leo, kesho utaamuka naye." Sijui kama wazee wale wawili bado wako hai, na kama wako hai, sijui nani anamwonea nani haya. Ninalikumbuka neno lako kila ninapotazama upande wa mpaka wa nchi yetu.

Huwa ninakuota. Siku zote ni mahali pamoja: unatembea juu ya mawe meusi ya lava na theluji inaanguka, ile theluji uliyotueleza sisi watoto tukakuita muongo. Umevaa koti lako zito lililoliwa na mende. Hatua zako hazina sauti. Ninakufuata, sikufikii, na wala sina haraka ya kukufikia. Goma yote imekuwa nyeupe, hata Nyiragongo, na hakuna askari hata mmoja barabarani. Nikiamka miguu yangu ni ya baridi.

Unakumbuka habari ya simu? Ulitueleza kwamba enzi za chama cha Wakomunisti, hakimu wa kule alisikiliza mashahidi wote kwa adabu, kisha akaenda chumba cha nyuma kungoja simu ya wakubwa. Simu ndiyo iliyohukumu, yeye alisoma tu. Ile nchi kubwa ilipovunjika, wakaandika sheria upya, wakaleta baraza la raia kumi na wawili, muuza mkate na dereva na mama wa nyumbani, waamue nani ana hatia. Uliisoma habari hiyo katika gazeti la Kifaransa, ukatoka nalo nje, ukawasomea wapita njia ambao walikuwa wanatafuta muhogo. Ndipo avenyu ikakubatiza Papa Moscou. Miaka ikapita, ukaanza kukunja uso, kwa sababu kesi nzito ziliondolewa moja moja mikononi mwa wale raia. "Simu imerudia," ulisema. Tangu uondoke, wametoka hata katika ile mahakama ya Ulaya ambako raia wao akishindwa nyumbani aliweza kwenda kulalamika. Siku niliposikia hilo niliinuka nikuambie. Nilifika mpaka mlangoni kwako, mkono juu ya kitasa, nikakumbuka.

Sasa nije kwenye chumba.

Mlima ulipotapika mara ile ya kwanza, mimi nikiwa msichana mdogo, tulikuwa vilevile chini ya waasi, wengine, na mahakama ilikuwa jina tu. Moto ulipita katikati ya avenyu yetu. Ulipopoa hapakuwa na ua wala njia, mawe meusi tu, na kila mtu akadai nyumba yake ilisimama pale anapoelekeza kidole. Wewe ukasema, "Warusi wana watu kumi na mbili, siye tuna nyumba kumi." Kila nyumba iliyo chini ya shefu wetu wa nyumba kumi ikatoa mtu mmoja. Wakakaa juu ya mawe yaliyokuwa bado na uvuguvugu, wakasikiliza, kila nyumba ikatoa neno lake. Hata nyumba yenye kesi ilikuwa na neno, lakini la mwisho kabisa. Mipaka ya avenyu yote iliwekwa hivyo, na hakuna aliyechomoa panga.

Mpaka wetu na Muzee Bahati, jirani yako, hamkuupeleka kwa mtu. Mlikuwa marafiki, na mlijua kwamba mpakani palikuwa na mti wa avoka. Lava ikiufunika mti, mti unaungua ndani na kuacha shimo refu pale shina liliposimama. Mkatafuta shimo, mkaliona, mkashikana mikono, mkajenga ukuta wa mawe hapo hapo. Baadaye ukajenga chumba hiki, ubavu wake ukiugusa ukuta.

Muzee Bahati naye alikufuata. Mwanawe Innocent amerudi kutoka Rutshuru na mke na watoto, nyumba yao ya huko imeteketea, na wanalala wote katika chumba kimoja na Mama Bahati. Mwaka huu niliita vijana wavunje mawe nyuma ya chumba chako, kuelekea ndani kwetu, tuweke tangi la maji ya mvua. Nyundo zikafungua shimo lingine, pana kuliko lile lenu. Innocent aliliona kutoka ng'ambo ya ukuta, akaenda kumwita mama yake. Mama Bahati alikuja na fimbo yake, akachungulia, akasema, "Avoka ilikuwaka hapa. Ile yenye bamuzee balionaka, ilikuwaka gerevilia." Kama alisema kweli, kwamba shimo mliloliona ninyi wazee lilikuwa la gerevilia, mti wa mbao tu, basi chumba chako kimesimama kwao tangu siku ya kwanza.

Nilimcheka. Papa Moscou akosee mti? Lakini walipoondoka nilipiga magoti nikaingiza mkono. Shimo lilikuwa na panda, limegawanyika mara mbili. Na mti ule wa avoka ulikuwa na panda chini kabisa, tulikokuwa tunakaa mimi na Innocent tukiwa watoto, kila mtu na tawi lake. Nilitoa mkono nikarudisha jiwe juu.

Jumapili ile akaja kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Siku hizi anafanya kazi katika ofisi ya wakubwa wapya. Alikunywa chai yetu, akasikia habari, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, unipe tu jina yake. Napiga telefone moja, mambo inaisha." Papa, nilitaka. Nisikudanganye wewe uliyekufa. Nilitazama kitanda chako, redio yako, msumari wa koti lako, nikataka sana. Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri siku nzima darasani, nikawafundisha watoto vita vilivyokuwa si vya somo lile.

Kesho yake nikaenda kwa shefu, nikaomba nyumba kumi zikae.

Walikuja wote, wakakaa uwanjani kwetu. Innocent akasema yake, Mama Bahati akasema yake, mimi nikasema kidogo. Kisha nyumba zikaanza kutoa neno, na sikuamini masikio yangu. Ya kwanza ikasema mti ni ule wa zamani. Ya pili vilevile. "Papa Moscou alituwekeaka mipaka siye wote," alisema yule fundi viatu wa pembeni. "Yeye hawezi kukosa ya kwake." Hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia shimo. Ilikuwa heshima, Papa, heshima tupu, kwa mtu aliyewasomea gazeti. Mama Bahati alitazama fimbo yake. Innocent alitabasamu tabasamu la mtu aliyekwisha kuzoea kushindwa na wakubwa, na hapo nikaona ni nini kinachotendeka. Hakuna mtu aliyekuwa amepiga simu. Jina lako lilitosha.

Nyumba yao ilisema neno lake bila nguvu. Ikabaki yetu. Nilisimama mbele ya Mama aliyekuwa ananitazama kutoka jikoni, nikasema, "Papa yangu alikosea. Muti ilikuwa hapa." Wakapiga kelele. Wengine walinikemea kwa ajili yako, wakasema mtoto hamwaibishi baba yake kaburini. Nikawaomba jambo moja tu: waende shimoni, nyumba moja moja, wapige magoti, waingize mkono, halafu waseme upya. Walinung'unika, lakini walikwenda. Fundi viatu alikaa pale muda mrefu kuliko wote. Aliporudi alikuwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kiwiko, na hakunitazama usoni. Neno la mara ya pili lilikuwa moja, kwa nyumba zote. Shefu akaniambia, "Mwalimu, utatusamehe."

Nilijibu vizuri. Kisha nikaenda jikoni nikalia, na usidhani nililia kwa moyo mweupe, nililia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe, na macho yako, na mashimo yako. Mama alinipa maji, akasema wewe hukuwahi kujua avoka na gerevilia, ulikuwa mtu wa vitabu, na yeye alilijua hilo tangu uchumba. Angalisema mapema, mama huyu.

Kesho Innocent anakuja na nyundo. Atang'oa mbao moja moja asizivunje, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya wabeba mizigo, itazibeba mpaka upande wa barabara, na tutakisimamisha chumba hapo, kidogo zaidi, bila ziwa. Amesema nisiharakishe. Mkewe ameleta sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe. Hatujajua bado tutaongea vipi, lakini sombe tumekula.

Yule kijana amerudi kuuliza jina. Nimemwambia hakuna jina. Ninakuahidi, Papa, simu ile sitaipiga, hata siku ambayo haki itakuwa yangu yote na mtu ananinyang'anya mchana kweupe. Nitangoja hakimu. Kama hakimu hayupo, nitaita nyumba kumi, na nitaziomba ziingize mkono.

Lala salama. Na ukija kututembelea, usipite tena upande wa ziwa, pale ni kwa watu. Zunguka uje kwa mbele, piga hodi. Nitakufungulia.

Binti yako,
Zawadi