Tuyo ya Kupoza Mvuke

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Mabanga tunapumua. Dada yako amezaa kabinti. Unauliza kiwanda chenu cha dawa kichague tuyo gani, bomba gani, ya kupoza mvuke wa asidi.

Kambini Mugunga nilikuwa mama kijana, nikimunyonyesha baba yako. Nilipika kanyanga ya ndizi, pombe kali ya kuuza. Tuyo ya shaba tuliiacha tukikimbia, mama mukwe akaleta ya chuma. "Hii ni ngumu zaidi," akasema.

Kanyanga ikatoka nyekundu kama chai. Kwetu mwenye kupika anaonja kwanza, wanunuzi wakimutazama. Nikainua kikombe.

"Mama, mutoto naye atakunywa, katika maziwa yangu," nikamuambia mama mukwe.

Akamutazama mutoto, akamwaga yote. "Basi tulale njaa. Mvuke umekula chuma."

Mujukuu, usiulize tu ugumu wa tuyo. Uliza mvuke utakula nini ndani yake, na nani atakayekunywa.

Koko wako, anayekuombea