Picha ya Chumba cha Upasuaji

Shikamoo, baba.

Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na mimi mwanao, ninayeandika habari za mafanikio ya afya ofisini hapa Dodoma, sina hata sentensi moja ya kukueleza ukanielewa.

Unakumbuka nilivyokuja kijijini na kamera, kituo cha afya kilipopata chumba cha upasuaji? Kitanda kilikuwa bado na nailoni yake. Nikaomba waivue ili kipendeze. Nikakuita usimame pembeni, nawe ukaja na koti la kanisani kwenye jua lile. "Piga vizuri," ulisema, "wajue na sisi Wagogo tuna nchi." Ukaniita Bi Tumeboresha, maana ndilo neno langu la kazini, mpaka majirani nao wakalishika. Nilipomaliza kupiga, nailoni ikarudishwa. Niliona, baba. Niliona na sikuuliza.

Ile ngiri yako ulikuwa unaisukuma ndani kwa kiganja huku ukipogolea mizabibu, eti imekuzoea. Asubuhi ile ilipogoma kurudi, mama alinipigia simu, anataka kukodi gari akupeleke hospitali ya misheni, Mvumi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, "Mama, mnahangaika nini? Chumba kipo hapo hapo, nimekipiga picha mwenyewe."

Chumba kilikuwepo kweli. Daktari alikuwepo. Mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuwepo, na hajawahi kupangiwa pale hata siku moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito mjini. Muuguzi alikushika mkono hadi ulipokata roho alasiri, akilia kuliko mama. Yeye simlaumu. Sasa nimlaumu nani? Nchi? Nchi uliyojivunia uliisoma kwenye maandishi yangu.

Mama hajanisema. Nikienda nyumbani ananipakulia chakula, halafu anakwenda kukaa upande wa pili wa ua.

Jana mkuu wangu kaichagua picha ile iwe bango kubwa la maonyesho. Hajui wewe ni nani. Akasema, "Huyu mzee anatabasamu kwa imani, ndiye tunayemtaka." Nilikwenda msalani nikauma mtandio wangu nisisikike.

Naogopa, baba. Wadogo zangu wanasoma kwa kazi hii hii. Nikirudi chumbani kwangu Area D sili, nakaa tu nikiwaza vitanda vingine vyenye nailoni, na wazee wanaoambiwa kwa simu na watoto wao wa mjini kwamba wasihangaike.

Nisamehe. Pumzika, baba yangu. Siwezi kukuahidi ujasiri, maana sina. Nakuahidi hili tu: kesho, kabla bango halijachapwa, nitamtajia mkuu wangu jina lako. Nitamwambia ulifia hatua chache kutoka hapo uliposimama unatabasamu, ukisubiri mtu wa kukulaza usingizi.

Mwanao,
Neema