Jiwe la Tatu Juu ya Lango

Jumapili, 28 Mei

Kilomita sitini na nane kwa baiskeli. Sikushusha mguu hata mara moja — hata kwenye mlima wa Castelvieil, ambako Régis alishuka akasukuma, eti mnyororo umeruka. Mnyororo wa Régis huruka kila penye mlima. Mimi nina miaka sabini na moja, yeye hamsini na nane, tena ni daktari wa mifugo. Ajitibu.

Tulipita mnara wa njiwa wa Lasfargues: paa langu. Daraja la abasia, ile nyumba ya watawa: nguzo ya pili kutoka kulia, yangu. Nikamwonyesha Huguette. Akaniuliza hiyo nguzo nimeshamwonyesha mara ngapi tangu Pasaka. Nikamwambia nguzo nzuri haichoshi. Wenzangu wanapanda baiskeli kwenda kutazama kazi za wafalme na mapadri, mimi natazama kazi zangu. Hakuna mtu katika klabu nzima anayeweza kusema hivyo. Nimesema mimi, na nitasema tena Jumapili ijayo.

Tukiwa kwenye kahawa, meya akaja mezani petu. Bi Cassagne huyu si mtu wa kukaa na watu, lakini leo alivuta kiti. Tarehe 11, siku ya Safari ya Mawe, klabu nane zitakuja, na mimi ndiye nitakayeongoza msafara kama kila mwaka. Safari itaishia Lango la Kusini. Hapo kitafunuliwa kibao cha shaba: Lango hili lilikarabatiwa mwaka 1989 na mwashi Anselme Roumégous.

Nikasema si lazima waandike jina langu. Nilisema mara moja tu, asije akakubali.

Jumanne, 30 Mei

Kilomita thelathini, peke yangu, kunyoosha miguu. Narudi kupitia Lango la Kusini, nakuta kipande cha jiwe barabarani. Kipana kama kiganja, chembamba kama biskuti. Kimetoka juu.

Baridi ya Januari hiyo. Au chumvi wanayomwaga barabarani. Au malori ya shayiri yanayopita pale bila adabu.

Nimekitia mfukoni mwa jezi. Mke wangu Noëlie amekikuta wakati wa kufua. Ameuliza tangu lini mwanamume aliyestaafu analeta kazi nyumbani. Nimemwambia ni ukumbusho. Amenitazama vile anavyomtazama mtu wa bima.

Alhamisi, 1 Juni

Nimekwenda langoni na darubini ya ndege. Watu wakadhani natazama mbayuwayu. Nikawaacha wadhani.

Ni jiwe la tatu juu ya tao, upande wa kushoto. Linabambuka. Si baridi, si chumvi, si malori — mawe ya jirani yake ni mazima kabisa.

Jiwe la kwetu huzaliwa limelala, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mwashi hulilaza ukutani vilevile lilivyolala machimboni. Ukilisimamisha, jalada ndilo linalotazama barabara: maji yanaingia nyuma yake, linaanguka, kisha ukurasa unaofuata, na unaofuata. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Na jiwe lile limesimamishwa.

Upande ule tulikuwa wawili, mimi na Firmin Delrieu, Mungu amrehemu. Miaka ishirini na miwili tumechanganya chokaa pamoja. Fundi mzuri, ila alikuwa na haraka. Basi itakuwa ni Firmin. Lazima ni Firmin.

Jumapili, 4 Juni

Kilomita sabini na tano, upepo wa mbele. Ngome ya Peyrelade ilikuwa imeng'aa kwa mvua ya jana. Niliongoza hadi chapeli.

Tulipofika langoni, kipande kingine chini. Régis akakiokota, akakinyanyua wote wakione: "Fundi, lango lako linanyoa ndevu!" Wakacheka. Hata yule mhasibu ambaye hajawahi kucheka tangu ajiunge.

Nikasema pembe ile si yangu. Nikasema ilikuwa kazi ya Firmin.

Lilitoka tu. Sikulipanga.

Huguette alikuwa anakaza mkanda wa kofia yake. Ni mkewe Firmin, mjane wa miaka sita sasa, na baiskeli anayopanda ni ile aliyonunuliwa na Firmin.  Tukaondoka. Akapita mbele, akakanyaga, na hakuna aliyeweza kushika gurudumu lake — si Régis, si mimi. Kilomita kumi na moja hadi nyumbani na hakugeuka kutazama kama tupo.

Jumanne, 6 Juni

Huguette hakuja. Régis anasema ana mafua. Mafua, mwezi wa sita!

Kilomita arobaini. Niliwaacha wote kwenye mteremko wa abasia. Sikuonyesha nguzo.

Jumatano, 7 Juni

Nimekutana na Huguette kwenye duka la mkate, mkate kwapani, hana hata chafya. Nikamsalimu. Akasubiri hadi mwenye duka akaingia nyuma.

"Anselme, Mei ile ya mwaka themanini na tisa Firmin alikuwa na bega limevunjika. Alianguka kutoka kwenye paa la Lasfargues. Wiki sita nilikuwa namlisha kwa kijiko. Umesahau?"

Nikasema miaka mingi imepita.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Wewe umeipanda kwa baiskeli, umefika mapema zaidi."

Akaenda zake. Nami nikasahau kununua mkate. Noëlie ametupikia viazi.

Sikuwa nimesahau. Niliandika hapa Alhamisi kwamba lazima ni Firmin, na mkono wangu ulipokuwa unaandika ulijua kabisa. Kama nadanganya hata daftari ambalo hakuna anayelisoma, basi nimekwisha.

Haya. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi yake mbio za baiskeli zilikuwa zipite langoni, na meya wa wakati ule alikuwa amesimama chini ya jukwaa la ujenzi na saa mkononi. Lilibaki jiwe moja. Nilikuwa nimelikata vibaya, mimi mwenyewe, fupi kwa vidole viwili. Nikaligeuza. Likisimama, likaenea, na uso wake ulikuwa mzuri kuliko yote ukutani. Nikajiambia litadumu kuliko mimi. Watu walipiga makofi.

Jumatatu Firmin alikuja kutazama, mkono umefungwa shingoni. Akainua macho. Akalitazama lile jiwe, akanitazama mimi. Kisha akasema tukanywe kahawa. Aliishi miaka ishirini na minane baada ya hapo, na hakuniuliza hata siku moja.

Na mimi nimemlipa hivyo, mbele ya mkewe.

Ijumaa, 9 Juni

Nimekwenda ofisini kwa meya kumwambia lango lifungwe. Bi Cassagne akanikatiza: karibu, karibu, kimefika asubuhi hii. Akafunua kitambaa.

Shaba. Herufi za kuchongwa, si za kubandika. Jina langu lote, na kila alama juu ya herufi mahali pake — hata benki hawajawahi kuliandika sawasawa. Nimelisoma mara tatu. Baba yangu alivunja mawe ya barabara maisha yake yote na jina lake halikuandikwa popote ila kaburini.

Nikasema herufi ni nzuri.

Nikaondoka. Hayo tu ndiyo niliyosema.

Jumamosi, 10 Juni

Nimepaka mnyororo mafuta. Nimejaza matairi. Nimeyajaza tena.

Noëlie ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia yote, kuanzia Ijumaa ile hadi jana. Alikuwa anamenya kokwa za jozi, hakuacha kumenya. Mwishoni akasema: "Kesho watapita watu chini ya hilo jiwe." 

Jumapili, 11 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya njia, nimekaa juu ya jiwe la kilomita. Nitaibandika daftarini baadaye.

Waendesha baiskeli mia moja na kumi na wawili. Haijawahi kutokea. Nimewaongoza kilomita themanini na mbili bila pancha, bila mtu kupotea, na Castelvieil nimeipanda nimekaa kwenye tandiko, wakati vijana wa klabu ya Figeac wamesimama kwenye pedali wakihema. Hilo nalitaja hapa kwa sababu ni kweli, na leo nina haja ya kuandika kweli.

Huguette alikuja. Alikuwa nyuma ya gurudumu langu njia nzima. Hatukusalimiana.

Zikabaki mita hamsini kufika langoni. Juu ya ngazi ya mawe nikaona meya, bendi, kitambaa juu ya kibao. Nikashusha mguu. Nikalaza baiskeli yangu katikati ya barabara, nikasimama mbele yake.

Breki zikalia hadi chini kwenye kona ya kisima.

"Mzee, umechoka?" akauliza Régis. "Sema tu, tukubebe."

Nikasema hapiti mtu. Nikasema jiwe la tatu juu ya tao limesimamishwa, linabambuka, na siku moja litampata mtu kichwani. Nikasema nimeliweka mimi, kwa mkono wangu, nikijua. Firmin Delrieu hakuwepo, alikuwa na bega limevunjika, na Jumapili iliyopita nilimsingizia marehemu. Kama si jicho langu lingeendelea kukaa pale hadi liue mtu — hilo nalo nililisema. Sikuweza kujizuia.

 Bendi ikashusha tarumbeta.

Kisha sauti ya Huguette, mgongoni kwangu, bila hasira: "Sema kwa nguvu. Wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa nguvu.

Lakini barabara pale inapinda, na watu mia hawasikii mtu mmoja. Basi wakafanya kama tunavyofanya kila Jumapili tukikuta shimo au trekta: wa mbele anamwambia wa nyuma yake, naye anampa wa nyuma yake. Nikasikia maneno yangu yakiteremka mlima, mdomo kwa mdomo. Ni yeye, si Firmin. Ni yeye, si Firmin. Vijana wa Figeac wakayapokea, wakayapitisha. Nilisimama wima. Sikuinamisha kichwa, na sijui kama hicho ni kiburi au ni nini.

Bi Cassagne sasa ameshuka na kamba ya kitambaa bado mkononi. Ananiuliza afunue au asifunue. Nimemwambia anisubiri nimalize mstari huu.

Kule chini kwenye kona mtu fulani, mgeni, anauliza kwa sauti: Firmin ni nani?

Wote wanageuka kunitazama. Nimefungua mdomo — lakini Huguette ameshapanda baiskeli yake, anateremka kwenda kumjibu.