Kidole Gumba Hakijibu Posa

Kigongoni,
Njia ya Matombo,
Morogoro.
9 Mei 2024.

Mpendwa mdogo wangu Fidelis,

Marahaba! Naitika kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako ifike hapa kwa miguu nitakuwa nimezeeka zaidi. U hali gani huko Mwanza? Kifua chako kimetulia? Wifi yangu Lucy hajambo, na wanangu wanaendeleaje na shule? Waambie shangazi yao anawauliza kwa majina, hata kama sura zao nazijua za pichani tu.

Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikiteremka, nikipanda linanyamaza, sijui lina tabia gani. Masika ya mwaka huu yametunyeshea mpaka njia ya kisimani imehama, lakini pilipili manga imebeba vizuri na migomba imesimama, kwa hiyo tunashukuru.

Sasa kaa chini, kwa sababu nina mambo mengi na kalamu inakimbia kuliko mkono. Jumatano ile baada ya Pasaka radi iliupiga mnara wa simu kule juu, na tangu siku hiyo Kigongoni nzima hakuna mtandao. Hakuna WhatsApp, hakuna Facebook, hakuna zile video za watu wanaocheza jikoni. Tumeingia wiki ya sita! Siku tatu za kwanza watu walitembea na simu zimeinuliwa juu kama wanachunga ndege wasile mpunga. Mimi mwenyewe nilipanda juu ya jiwe la kuanikia nguo. Usinicheke.

Halafu, Fide, kijiji kikaamka. Mazoezi ya kwaya, ambayo tulikuwa tunakwenda watu saba na wengine wanasikiliza nyimbo kwenye simu zao nyumbani, sasa yanajaza kanisa mpaka mlangoni. Jirani yangu Mwanvita nimejua juzi kwamba mguu umemvimba tangu Februari. Miezi miwili! Na kila asubuhi alikuwa ananitumia picha ya kikombe cha chai chenye maua, nami namrudishia ya kwangu, na nyumba zetu zinatenganishwa na mgomba mmoja. Nilijisikia aibu. Sasa chai tunainywa kwake barazani, chai ya kweli, na mguu naukanda mwenyewe kwa maji ya chumvi.

Sitakudanganya kwamba yote ni mazuri. Wanunuzi wa viungo walikuwa wanatutumia bei kwenye simu, sasa mchuuzi anapanda mlima na bei aliyoiota usiku, nasi hatuna pa kuulizia. Na vijana wamenuna hasa. Lakini mimi, ukiniuliza, nimekuwa kama mtu aliyetolewa pamba masikioni.

Nafika kwenye jambo lililonifanya nitafute kalamu. Unakumbuka wakati wa Kwaresima ilikuja barua ya posa ya mwanangu Winfrida, kutoka kwa wazee wa Ezekiel, yule kijana mkulima wa mpunga wa Turiani. Mimi kwa furaha nikaipiga picha nikaitupa kwenye grupu la ukoo. Wewe ukaweka kidole gumba na fataki tatu. Nyuma yako wakafuata watu kumi na wanane na vidole vyao. Mimi nikamwambia mshenga mambo yamekwisha, tumekubali, na tukaanza kuulizana rangi ya vitenge.

Mwezi uliopita akafariki bibi mmoja wa ukoo wetu, na kwa kuwa grupu lilikuwa limekufa pia, taarifa ya msiba ilitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba, kama zamani. Ikamfikia Mjomba Laurenti kule juu kabisa, ambaye unajua simu yake ni ile ya vitufe. Akashuka kuzika. Fide, zamani misiba ilikuwa inampita! Tulikuwa tunaandika kwenye grupu na kuhesabu kwamba wote wamejua, na mkubwa wa ukoo tuliyebaki naye hakuwamo humo hata siku moja.

Baada ya mazishi alilala kwangu. Tukiwa tunakula, nikajisifu kuhusu posa. Akaacha tonge mkononi akauliza nani ameijibu. Nikasema Fidelis, mjomba wa binti, kama mila inavyotaka. Akauliza umeijibu kwa mdomo gani. Nikaleta simu, nikamwonyesha kidole chako.

Akakiangalia muda mrefu, mzee wa watu, ameisogeza simu mpaka puani. Kisha akasema, "Bernadeta, mwanangu, hiki ni kidole. Mimi naulizia mtu."

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka. Alfajiri alikwenda mwenyewe kwa mshenga, na fimbo yake, akamwambia barua ile bado haijajibiwa, kwa sababu katika lukolo lwetu, ukoo wetu, mtoto ni wa upande wa mama na mjomba wake ndiye hukaa mbele ya wageni, akaulizwa mara tatu na kuitika mara tatu kwa sauti. Bila hivyo binti hajatoka nyumbani, hata padri afungishe mara ngapi.

Wazee wa Ezekiel wamekasirika, na siwalaumu. Walishaambiwa ndiyo, sasa wanaambiwa bado. Wametupa mpaka Jumamosi tarehe 15 Juni. Watakuja siku hiyo kusikia jibu, na wasipomkuta wa kuwajibu wataichukua barua yao waende nyumba nyingine. Winfrida hali vizuri tangu hapo. Anajipa kazi, anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Najua utasema kwa nini sikukupigia. Nimekupigia! Nilishuka Mkuyuni siku ya gulio, kule mtandao unashika, nikapiga mara mbili kwenye kelele za wauza ndizi. Ukanitumia ujumbe: "Niko kikaoni dada, niandikie WhatsApp." Nikasimama pale na kikapu kichwani, nikaona WhatsApp ndiyo iliyotufikisha hapa, sikuandika. Nilikasirika njia nzima ya kupanda, na nilipofika mlangoni hasira ikawa imeisha na kitu kingine kimeingia.

Nilikuwa nimekukumbuka. Ndugu yangu, ni miaka tisa hujakanyaga hapa, tangu tulipomzika mama, na mimi sikuwahi kukukumbuka hivi, kwa sababu kila asubuhi ulikuwa mkononi mwangu na habari za asubuhi zenye waridi. Nilidhani upo. Radi ilipopiga ndipo nikagundua umeondoka, na nimelia kama vile umeondoka jana.

Wanasema mafundi watakuja kuutengeneza mnara, labda mwezi ujao, labda Julai. Mwanvita ananiambia nisubiri tu, mtandao ukirudi wewe utajibu posa kwa video, wazee wakuone kwenye kioo. Nilimpelekea Mjomba Laurenti wazo hilo. Nisiandike alichosema, barua hii itapita mikononi mwa watu.

Lakini mzee hana roho mbaya. Juzi ameshuka tena kwa ajili ya Winfrida. Akamwambia kwamba kama mjomba wake anabanwa na kazi, mila inaruhusu mwingine wa ukoo ashike nafasi; Erick, mtoto wa mama mdogo, yuko Ngerengere, ni karibu na yuko tayari. Mimi moyo ukatulia, nikaona mlango umefunguka. Winfrida akapiga magoti mbele ya mzee, akamshukuru vizuri, akasema hapana. Akasema Erick ni mjomba wake pia na anampenda, lakini yeye alibebwa mgongoni na Fidelis mpaka zahanati ya misheni usiku wa degedege, na mtu aliyempeleka hai ndiye anayetaka amtoe nyumbani. Usipokuja, watu wa Turiani na waichukue barua yao.

Nilimwonya kwamba anacheza na bahati yake. Akaniambia anajua.

Barua hii anakuletea mwalimu Janeth, amehamishiwa Mwanza, atakukabidhi mkononi. Mkaribishe chakula. Msalimie sana wifi Lucy na watoto. Mjomba Laurenti anakusalimu, Mwanvita na mguu wake wanakusalimu, Erick anakusalimu, na Gabrieli wa kwaya anauliza kama bado unaimba sauti ya nne. Mungu akulinde ziwani na barabarani, na akupe nguvu za kupanda kilima chetu.

Usinijibu. Njoo.

Dada yako akupendaye sana,
Bernadeta