Gundi ya Unga

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na macho hayajazidi kufifia. Mimi sijambo, ila shingo inaniuma kwa kuinama. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu unasema "haya, haya, haya" halafu unakata, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Muuguzi jirani akusomee polepole.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani. Tuko wanne chumba kimoja, na vitabu vya picha mia tatu na kumi, vile wanavyosomeshwa watoto wa madarasa ya chini. Kila picha tunaijazia fomu. Nani yupo? Anafanya nini? Ameshika nini? Anaongea au amenyamaza? Watu wote wana sura moja, au kuna wa namna nyingine? Mkuu wetu ni mama mmoja mrefu tunayemwita Rula. Ukimwambia "nadhani" anakurudishia fomu.

Mama, namba zinatisha. Nimehesabu fagio mia moja na mbili, zote zimo mikononi mwa wanawake. Wavulana wamepanda miti, punda, baiskeli, hata roketi. Wasichana wako chini wanapunga mkono. Mtoto wa kiti cha magurudumu nimemwona mara moja tu, naye anasukumwa. Vitabu vingine nilivisoma tangu utoto na sikuona kitu. Sasa naona, na nabaki mdomo wazi.

Jumatatu nikafungua kilichofuata kwenye rundo, na kilikuwa Paa Linavuja. Kitabu chako, cha pekee ulichowahi kuchora, ambamo watoto wa uani wanaziba paa kabla mvua haijarudi. Nilihesabu mara tatu. Aliye juu ya ngazi ni mvulana. Mwenye nyundo, mvulana. Wasichana ni wawili tu, wote wameshika ndoo. Watoto kumi na tisa wana sura moja kama wamepigwa muhuri. Ukurasa wa mwisho baba anasoma gazeti. Nimekipa alama kumi na moja kati ya arobaini. Kisichofika ishirini kinaondolewa shuleni, na kikao cha kuamua ni tarehe thelathini Juni.

Rula hajui kwamba ile "M." ya kwenye jalada ni mama yangu. Kesho nitamwambia. Nilitaka wewe ulisikie hili kwangu kwanza.

Ila niambie, Mama. Wewe uliyepanda mwenyewe juu ya paa letu na misumari mdomoni, ilikuwaje ukachora hivi?

Mwanao,
Kidole

21 Machi

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima. Macho ni yale yale, jirani namwona kama yuko nyuma ya pazia. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, upasuaji wa nusu saa. Nimemwambia asante, nimeshaona ya kutosha.

Barua yako nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani jirani anakosea. Kumi na moja! Hata ule mtihani wa hesabu uliofeli darasa la nne ulipata kumi na tatu. Wewe uliyekuwa unalala chini ya meza yangu paa likivuja, unahesabu matone yanayoanguka kwenye ndoo, kila tone unanigusa mguu kwa kidole chako cha gumba cha mguuni mpaka nikashindwa kunyoosha mstari! Jina la Kidole ulilipatia hapo. Leo umekua mkubwa, unanihesabia mimi? Kwenye kitabu changu hakuna ufagio hata mmoja. Liandike hilo kwenye fomu yako.

Unauliza ilikuwaje. Ulikuwa unakula kila siku au ulikuwa huli? Basi ilikuwa hivyo.

Kiondoeni. Na usiniandikie mpaka umalize kuhesabu.

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza. Pole kwa nilivyokuuliza. Swali lilikuwa la kweli, lakini nililirusha kama jiwe.

Rula nilimweleza. Akaninyang'anya kitabu palepale, akisema mtoto hampimi mzazi wake, akakihesabu mwenyewe. Akapata kumi. Kumbe nilikupendelea, Mama, na mimi nilidhani nimekuonea.

Kisha akauliza kama michoro yenyewe ipo, ile ya mkono. Kitabu ambacho michoro yake ipo kinaweza kurekebishwa na kuchapwa upya. Bila michoro, tarehe thelathini Juni ndiyo mwisho wake.

Kama uliitupa, sema tu. Sitakulaumu.

Kidole wako

22 Mei

Kidole,

Hatujambo. Wewe je?

Hili sanduku ninalokutumia limekaa juu ya kabati tangu una miaka mitano. Jirani amelishusha na vumbi lake lote, amepiga chafya hadi chakula cha mchana. Michoro ni ishirini na minne. Ukiipapasa utaona kuna mahali karatasi ni nene zaidi. Tafuta mtu anayeijua karatasi. Mwambie atumie mvuke, kisu asikiguse.

Mengine sisemi. Jirani ndiye anayeniandikia, na ameshaanza kufuta machozi, hata sijamweleza lolote.

Mama yako

30 Mei

Mama, Mama, Mama!

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, naandika mbio.

Tumempata fundi wa karatasi, mzee wa kwenye nyumba ya nyaraka, mtu wa maneno machache. Alipapasa ukurasa wa nne, ule wa mvulana juu ya ngazi. Akasema, "Huyu amebandikwa." Nikasogea, nikaona ukingo wa kiraka, umekatwa kufuata mwili wa mvulana, mwembamba hata kucha haishiki. Akachemsha birika. Akauweka ukurasa juu ya mvuke, akahesabu ishirini, akaugusa ukingo kwa kijiti cha mfupa. Yule mvulana akatoka mzima mzima, ngazi ikabaki mahali pake.

Na juu ya ngazi kuna msichana. Sketi ameifunga kiunoni, misumari mitatu mdomoni, nyundo ameinyanyua. Amekunja uso kama wewe unapotunga uzi kwenye sindano. Mama, rangi yake mbichi kama umeweka brashi chini sasa hivi! Rula alikuwa nyuma yangu. Rula, ambaye hajawahi kusema kitu kisicho na namba, alisema, "Jamani."

Tumekaa pale siku tatu. Viraka arobaini na kimoja. Kila kimoja kilipoachia tulisogea kwa ncha za vidole kama watu walioingia chumba cha mtoto mchanga. Wale kumi na tisa wa sura moja hawapo tena. Yuko binti wa fundi viatu mwenye ualbino, na ile kofia yake pana kama sinia. Wako wale pacha waliohamia kutoka mbali, tuliocheza nao mwaka mzima bila kuelewana neno, na bibi yao na kilemba chake kirefu. Fundi viatu mwenyewe anamfuta binti yake mvua kwa taulo. Na yule jirani yetu wa kiti cha magurudumu, nimecheka mpaka nikalia: hasukumwi na mtu. Ana kopo la misumari mapajani, ananyoosha kidole, mdomo wazi, anawaamrisha wote. Ndivyo alivyokuwa! Nilikuwa nimewasahau, Mama. Walikuwa wamekaa juu ya kabati lako miaka yote hii, wananisubiri.

Mwishoni fundi wa karatasi alichukua kiraka kimoja, akakinusa, akakigusa kwa ulimi. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini," akasema. "Viraka vya wachapishaji hubandikwa visitoke tena. Hivi vimebandikwa kwa unga wa ngano. Aliyebandika alitaka vitoke."

Ni kweli?

Ukurasa mmoja hatujaugusa, ule wa baba na gazeti. Kiraka chake kimefunika ukurasa wote na fundi anaogopa kuuharibu.

Mwanao anayekustaajabia,
Kidole

9 Juni

Kidole changu,

Marahaba, marahaba. Barua hiyo nimesomewa mpaka jirani akaniambia koo limemkauka.

Ni kweli. Yule mhariri aliyenipa kazi ya kitabu alikuwa mpole, na hapo ndipo aliponiweza. Angekuwa mkali ningemjibu. Aliitandaza michoro yangu mezani, akaisifu wee, kisha akasema, "Lakini mama, msichana juu ya ngazi? Na hawa wengine, mbona kila mmoja yuko kivyake? Tuchoree watoto wa kawaida." Nikatazama dirishani. Watoto wa kawaida ndio hao niliokuwa nimewachora, walikuwa uani wanapigana makonde. Lakini kazi nilikuwa nayo hiyo moja, na wewe ulikuwa mmoja, na kiatu chako kilikuwa kimeachama kama mamba. Nikasema sawa.

Akanipa chupa ya gundi ya ofisini, ile ikishika haiachii. Niligundishia soli ya kiatu chako. Kwa viraka nikapika uji mwepesi wa unga wa ngano. Nilijiambia mwaka ujao nitavibandua. Mwaka ujao ukawa miaka thelathini na mmoja.

Sasa nikuambie lisilosemeka. Nilikuja kuogopa. Nilianza kudhani pengine chini hakuna kitu, pengine sikuwachora kamwe, nilitamani tu. Macho yalipoanza kufifia nikashukuru. Nikajua sitalazimika kufungua sanduku nikakuta karatasi tupu.

Mwambie fundi asiogope. Ukurasa wa mwisho gundi ni ile ile.

Mama yako

1 Julai

Mama yangu,

Shikamoo.

Fundi aliubandua ukurasa wa mwisho jana asubuhi, kabla ya kikao. Alikinyanyua kiraka kama shuka juu ya mtu aliyelala. Sijui nikuelezeje, nawe ndiye uliyeuchora. Ni chumba chetu. Mvua dirishani, ndoo sakafuni, na paa bado linavuja kidogo, hawakuziba vizuri! Mezani ameketi mwanamke, ana brashi mkononi, anachora ngazi. Chini ya meza amelala mtoto wa kike, mguu wake uko juu ya mguu wa mama yake. Mimi niliyekuuliza mbona hukumchora mwanamke kazini. Nilikaa sakafuni pale pale, mbele ya Rula. Niliona haya, na nilifurahi, na vyote viwili vilitoka machoni.

Kikao kiliamua hivi: cha zamani kinaondoka. Alama kumi ni kumi, Rula hakulegeza. Kipya kinachapwa kutoka michoro yako, bila kiraka, na jalada litakuwa na jina lako lote. Rula amekihesabu upya na fomu ya ukurasa wa mwisho nimeambiwa niijaze mimi. Niliandika: mwanamke mmoja, anachora, mtoto mmoja, amelala.

Vitabu vitafika Septemba. Mama, upasuaji ni nusu saa tu. Nakuomba.

Kidole wako

14 Septemba

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Jirani amekaa pembeni hana kazi, ananuna.

Walinifungua bandeji Jumanne. Kwanza niliona shuka. Sikujua kwamba nyeupe ni nyeupe namna hiyo! Nikaona mikono yangu nikauliza ni ya nani. Jirani nilimwangalia muda mrefu nikamwambia, kumbe wewe ni mzuri hivi, akakimbia nje.

Kitabu kilikuwa mezani tangu wiki iliyopita. Nilikipita siku mbili kama mtu anayemkwepa mdai. Leo asubuhi nimekifungua. Nimeenda ukurasa kwa ukurasa na kidole, kama wewe. Wapo. Wote wapo, Kidole. Mwenye kofia, mwenye kilemba, mwenye kopo la misumari. Sikuota. Niliwachora kwa mkono huu ninaoutazama. Nimewaita kwa sauti mmoja mmoja, na nimelia mpaka daktari atanigombeza.

Halafu nikafika ukurasa wa mwisho, nikachukua ile nakala ya fomu uliyonitumia, na hapo nina ugomvi na wewe na huyo Rula wako. Mnasema mnataka namba, hamtaki "nadhani". Basi nimejaza upya, msifute:

Nani yupo? Mwanamke mmoja na binti yake.
Mwanamke anafanya nini? Kazi yake.
Anaongea au amenyamaza? Amenyamaza, mstari usimpotee.
Mtoto anafanya nini?

Wewe uliandika amelala. Angalia tena, mwanangu, chukua hata miwani. Tone liko hewani, halijafika kwenye ndoo. Na kidole chake cha gumba kimeinuka.

Hajalala. Anahesabu.

Mama yako