Kasha la Kioo na Arobaini ya Mzee Allah Ditta

Dada Tahira, mimi msomaji wa safu yako ya ushauri nakuandikia kutoka mjini Multan nikiwa nimejifungia chumba cha kazi ili mke wangu Shagufta adhani nachapa kazi, kumbe kazi yenyewe hakuna, maana mimi ni mpiga video za harusi na kompyuta yangu ya mezani ilikufa wiki tatu zilizopita, umeme ulikatika kama kawaida yake, ukarudi kwa kishindo, nikasikia "paa!", harufu ya kuungua ikatoka mgongoni mwa kasha lake, basi. Fundi wa mtaani aliinusa tu akasema, "Kaka, hiyo ni pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme. Nunua nyingine." Shagufta akanipa rupia elfu thelathini, pesa zake za upatu, akaniambia, "Baba Hamza, pawa saplai na chenji. Usiniletee hadithi."

Dada, nimeleta hadithi. Muuzaji wa vifaa vya kompyuta sokoni alinivutia kiti, akaniagizia chai ya maziwa, akaniita injinia, mimi niliyefeli hesabu mara mbili, akasema, "Bwana injinia, mtu wa hadhi yako ananunua pawa saplai tu? Wateja watakuonaje?" nikajikuta nimechukua kadi ya picha ya kompyuta yenye feni tatu, kumbe haiingii kwenye kasha langu, kwa hiyo nikachukua na kasha la kioo lenye taa za rangi, na nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa pawa saplai sijanunua, na pesa zimekwisha. Hizo taa zenyewe sijawahi kuziona zikiwaka.

Shagufta akiuliza, namwambia mashine inapumzika. Lakini anayeninyima usingizi ni Mahjabeen, bibi harusi wangu wa mwisho. Baba yake, Mzee Allah Ditta, alifariki siku kumi na moja baada ya harusi, na alikuwa mtu asiyependa kamera, kwa hiyo sauti yake akimwombea binti dua mlangoni imo kwenye diski ya mashine hiyo iliyokufa tu, kadi ya kamera nilishaifuta. Arobaini ni Alhamisi. Kila siku binti anapiga simu, "Kaka, bado?" nami najibu, "Inapikwa, dada." Niuze figo au nihame mji?

Injinia wa Uongo

*

Injinia, figo baki nayo. Nani atanunua figo ya mtu anayenunulika kwa kikombe cha chai?

Nimecheka mpaka nilipofika kwa Mahjabeen, hapo nikakasirika. Wiki tatu unamwambia mfiwa "inapikwa"! Pilau gani hiyo? Sasa nisikilize. Pawa saplai ikiungua, mara nyingi diski husalimika. Ichomoe leo hii, ni skrubu nne na nyaya mbili, mpelekee fundi wako aichomeke kwenye mashine yake na anakili video mahali pawili. Ikigoma, msiichokonoe, mtafuteni anayejua kuokoa diski.

Kisha mwambie Shagufta ukweli. Atafoka, na ana haki, pesa ni zake. Nendeni naye sokoni kurudisha kadi na kasha, maana ukienda peke yako utarudi na kadi ya pili. Muuzaji akikataa, wauzie vijana wa magemu. Hasara itakayobaki ihesabu kuwa ada ya shule. Pawa saplai nunueni ya mtumba, lakini bebeni ile iliyoungua mlinganishe plagi, kwani baadhi ya mashine za mtumba zilizotoka maofisi ya ng'ambo zina plagi za aina yake. Ishike mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi tupu la halua, iache, hata kama imeandikwa wati elfu moja. Iwashwe mbele ya Shagufta. Madabodi, ile bodi kuu ya mashine, usiiguse mpaka pawa saplai nzima ishindwe kuiamsha. Chenji nunua stabilaiza ya kutuliza umeme, wa Multan unaujua mwenyewe.

Lakini hayo ya sokoni yanaweza kungoja Ijumaa. Kwa fundi, ukishaisikia ile dua kwa masikio yako, usiipambe kwa muziki wala maua yanayodondoka. Kata zile dakika za mlangoni kama zilivyo, zipeleke kwa Mahjabeen leo leo, mwombe radhi, mkabidhi, halafu toka nje. Mwache amsikilize baba yake.